Beringi imevunjika, Halbadiri ya nini?

MWAKA jana, siku chache baada ya Idd el Fitr, niliitwa na Imamu wa msikiti wetu baada ya swala ya Isha. Nilipoingia katika kile chumba kidogo kinachotumika kama ofisi nikakuta wazee watano wamekaa kimya, ndoo ndogo ya rangi iko katikati ya jamvi, na Waislamu wawili ambao kwa miaka mingi tumezoea kuwaona bega kwa bega safu ya mbele, sasa kila mmoja ameuelekea ukuta wake. Ndani ya ndoo mlikuwa na beringi nne zilizovunjika, zimejaa grisi nyeusi na unga wa mahindi.

Mmoja wa ndugu hawa ana duka la vipuri maeneo ya Kariakoo. Mwingine ana mashine mbili za kusaga nafaka huko Mbagala. Mwenye mashine alichukua kwa mwenye duka beringi 12, kila moja shilingi 30,000, jumla shilingi 360,000. Alitanguliza 150,000 na zilizobaki 210,000 wakaandikiana kuwa atalipa mwisho wa mwezi. Mwezi haukuisha. Katika wiki ya tatu beringi nne zilikuwa zimekwishalia na kupasuka, mashine imesimama, na wateja wamehamia kwa jirani. Akagoma kulipa deni. Mwenye duka akasema huyu ni dhulumati, amezoea kukopa na kutafuta sababu. Mwenye mashine akasema huyu anauza vyuma vya udongo kwa Waislamu wenzake kisha anakaa safu ya mbele. Salamu zikakatika. Wakeze wakaacha kwenda darasa moja.

Usiku ule mwenye duka alikuwa amekuja na ombi moja tu, nalo ni kwamba isomwe Halbadiri, na aliyedhulumu amuone Mola wake. Mwenzake naye akajibu kwa hasira, "Isomwe, tena leo leo!"

Ndugu zangu Waislamu, sitaki leo kuingia katika mjadala wa Halbadiri yenyewe, maana najua wasomaji wa ukurasa huu wamegawanyika, na kila upande una masheikh wake. Ninalotaka kuuliza ni dogo zaidi. Chuma kimevunjika. Kiko mbele yetu, ndani ya ndoo, kinaonekana kwa macho na kushikika kwa mkono. Kwa nini hakuna hata mmoja kati yetu, na nilikuwamo mimi mwenyewe niliyesoma chuo kikuu, aliyefikiri kwanza kukiuliza kile chuma?

Kanzu ilichanwa wapi?

Sote tunakijua kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) katika nyumba ya yule mheshimiwa wa Misri. Mwanamke ametuhumu, Yusuf amekana, na hapakuwa na mtu wa tatu chumbani. Ni neno lake kwa neno lake. Katika Suratu Yusuf, aya ya 26 hadi ya 28, Allah (s.w.) anatueleza kwamba shahidi kutoka katika jamaa za yule mwanamke hakumtaka yeyote aape, wala hakusema huyu ni mke wa mkubwa na yule ni mtumwa. Alisema itazamwe kanzu. Ikiwa imechanwa mbele, basi mwanamke kasema kweli, kwa sababu mwenye kushambulia hukabiliwa kifuani. Ikiwa imechanwa nyuma, basi Yusuf ndiye mkweli, kwa sababu mwenye kukimbia hushikwa mgongoni. Ikatazamwa, ikaonekana imechanwa nyuma, na mume mwenyewe akakiri.

Tumekuwa tukikisoma kisa hiki kama mafunzo ya kujizuia na zinaa, nayo ni kweli. Lakini mna humo pia somo la namna ya kutafuta haki. Kitambaa kilitoa ushahidi kuliko vinywa viwili. Aliyekisoma alihitaji kujua jambo moja tu, kwamba mchano wa mbele una sababu yake na mchano wa nyuma una sababu yake. Huo ndio utaalamu wa ukaguzi kwa ufupi wake. Beringi nayo ina mbele na nyuma yake. Inayovunjika kwa sababu ni mbovu haivunjiki sawa na inayovunjika kwa sababu ya fundi.

Nikalisema hilo mbele ya wazee. Imamu akaniangalia kwa muda kisha akasema, "Haya ustadhi, huyo wa kuisoma kanzu ya chuma tutampata wapi?"

Mzee mmoja alimjua mtu. Ni mhandisi mitambo mstaafu, amefanya kazi viwandani zaidi ya miaka 30 na sasa anafundisha vijana mara moja moja. Tatizo likaibuka palepale. Mtu huyo ni Mkristo. Mwenye duka akasema hawezi kukubali kafiri ahukumu baina ya Waislamu wawili ndani ya msikiti.

Kwa hakika jambo hili linahitaji ufafanuzi, kwa sababu linatusumbua katika mengi, si katika beringi tu. Kwanza, mhandisi hakuitwa kuhukumu. Aliitwa kueleza chuma kimepatwa na nini, na hukumu ikabaki mikononi mwa wazee. Pili, Mtume (s.a.w.) alipohama Makka kwenda Madina, yeye na Abubakar (r.a.) walimkodi Abdullah bin Urayqit awaongoze njia. Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba mtu huyo alikuwa bado katika dini ya makafiri wa Kikuraishi, ila alikuwa bingwa wa njia na alikuwa mwaminifu. Walimkabidhi ngamia wao na kumuahidi wakutane naye katika pango la Thaur baada ya siku tatu, wakati ambapo Makuraishi wenyewe walikuwa wakiwasaka. Kama Mtume (s.a.w.) aliweza kuukabidhi uhai wake kwa ujuzi na uaminifu wa mtu yule, sisi tunaona uzito gani kumuonesha mzee wa watu beringi nne?

Najua, na ni lazima niwe mkweli, kwamba fiqhi yetu ya Kishafii inaweka sharti la Uislamu na uadilifu kwa shahidi anayesimama mbele ya kadhi. Lakini pale hapakuwa mahakamani. Ilikuwa suluhu baina ya watu wawili wanaoweza kukubaliana kwa hiari yao kumsikiliza wanayemuamini. Mwenye duka alifikiri, akauliza kama mzee huyo ana undugu wowote na mwenye mashine, akaambiwa hana. Akakubali.

Kutambua thamani ya mjuzi si jambo la kuazima kwa wazungu. Katika Suratul Maidah aya ya 95, aliyeua mnyama wa kuwindwa hali amehirimia anatakiwa kulipa mnyama wa kufugwa anayelingana naye, na kulingana huko kunaamuliwa na watu wawili waadilifu. Bibi Aisha (r.a.) anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia kwake siku moja uso unang'aa kwa furaha, kwa sababu Mujazziz al-Mudliji, bingwa wa kutambua nasaba kwa kutazama viungo, alipita akakuta Zayd na mwanawe Usama wamelala wamejifunika nguo, miguu tu ikiwa nje, naye bila kuulizwa akasema miguu hii inatokana yenyewe kwa yenyewe. Watu walikuwa wakisengenya kwa sababu mmoja alikuwa mweupe na mwingine mweusi. Imam Shafii na wengi wengine wakajenga juu ya hadithi hiyo kukubali kauli ya mjuzi wa fani. Na masokoni, tangu zamani, wale waliopewa kazi ya hisba walichagua katika kila ufundi mtu mmoja mjuzi na mwaminifu, aitwaye arifu, wa kuwafichulia hila za fani yake. Ash-Shayzari aliliandika hilo katika karne ya 12. Muhtasibu hawezi kujua udanganyifu wa muoka mikate, wa mfua chuma na wa muuza dawa kwa pamoja.

Siku ya kuikata

Tulikutana Jumamosi katika karakana ya rafiki wa yule mzee. Alikuja na kipima cha mikromita, kioo cha kukuzia, na daftari. Kabla ya kugusa chochote akauliza maswali ambayo yaliniaibisha, kwa sababu kama tungeyajua mapema ugomvi ungepungua nusu. Maboksi yako wapi? Risiti? Nani alizitoa beringi kwenye shafti na kwa chombo gani? Grisi iliyokuwamo imehifadhiwa? Ipi ilikuwa upande wa puli na ipi upande wa pili?

Tatu kati ya zile nne zilikuwa na grisi yake. Ya nne fundi wa mashine alikuwa ameiosha kwa petroli na kuisugua kwa msasa, eti aione vizuri. Mzee alitikisa kichwa. Alisema grisi ndiyo inayoeleza kama maji yameingia, kama vumbi limeingia, kama joto lilizidi. Kuiosha beringi iliyovunjika ni sawa na kuifua ile kanzu kabla ya kuileta kwa bwana wa nyumba.

Zile tatu alizifungua moja moja. Akatuonesha ndani ya njia ya gololi, ile mifereji miwili inayozungukia, kuna vibonyeo vidogo vilivyopangika kwa umbali ulio sawa, na umbali huo ni ule ule uliopo baina ya gololi na gololi. "Hivi," alisema, "havitengenezwi na kazi ya kusaga. Vimetengenezwa kabla mashine haijawashwa." Akaeleza kwamba beringi ikiingizwa kwenye shafti kwa kupigwa nyundo kwenye ringi ya nje, pigo lote hupita katika gololi na kuzikandamiza ndani ya chuma. Baada ya hapo shafti inapozunguka zaidi ya mara elfu mbili kwa dakika, kila gololi inaruka juu ya kishimo chake, kelele inaanza, chuma kinamenyeka vipande vidogo, na mwisho kinapasuka. Namna sahihi ni kusukuma ringi ya ndani, kwa presi au kwa bomba linalokaa juu ya ringi hiyo peke yake, au kuipasha beringi moto katika mafuta, joto lisizidi nyuzi 120, ikapanuka na kuteleza yenyewe. Fundi wetu alikuwa palepale. Alisema kwa sauti ya chini kwamba siku zote hutumia nyundo na kipande cha mbao.

Ugumu wa chuma ulipimwa baadaye kwa mashine, ukaonekana uko ndani ya kiwango cha kawaida cha chuma cha beringi, kati ya 58 na 65 kwa kipimo cha Rockwell C. Kwa hiyo haikuwa vyuma vya udongo. Mwenye duka akapumua na kusema Alhamdulillah kwa sauti ambayo mimi niliiona imezidi kidogo.

Na ile ya nne? Mzee aliigeuzageuza, akaitia chini ya kioo, akaiweka mezani na kusema, "Hii sijui." Mwenye mashine akambana, "Mzee wewe mtaalamu, hujui vipi?" Akajibu kwamba alama zilizokuwamo zimesuguliwa, na akisema lolote atakuwa anabuni. Nilimpenda kwa jibu hilo. Imam Malik (r.a.), pamoja na elimu yake yote, alijulikana kwa wingi wa kusema sijui, na Qur'an katika Suratul Israa aya ya 36 inatukataza kuyafuata tusiyo na elimu nayo. Nimewaona wataalamu wengi, wakiwamo wa dini, ambao wangeona aibu kutoka na daftari lenye sijui ndani yake.

Tungeweza kuishia hapo, na mwenye duka angeondoka mshindi. Lakini mzee akauliza ziko wapi zile nane zilizobaki. Mbili zilikuwa zimekwishafungwa kwenye mashine ya pili na zinafanya kazi. Sita zilikuwa bado katika maboksi. Akaomba aletewe.

Nne zilikuwa sawa. Mbili alizishika muda mrefu. Alama za kiwandani zilikuwa zimechorwa upya, na chini ya mng'aro mpya, kwa kuielekeza beringi kwenye mwanga kwa pembe fulani, ilionekana mikwaruzo ya zamani kwenye uso wa nje, ile inayobaki pale beringi inapotolewa kwenye nyumba yake. Alipozipima, uwazi baina ya gololi na njia yake ulikuwa mkubwa kuliko inavyopasa. Akasema anadhani hizi ni beringi kuukuu zilizosafishwa, zikang'arishwa na kutiwa kwenye boksi jipya. Lakini ili awe na yakini akaomba aikate moja.

Ndipo ugomvi ukaanza upya. Mwenye duka akasema ikikatwa hairudi, na kama ni nzima nani atalipa? Mwenye mashine naye akasema yeye hana pesa ya kununua beringi ya kukatwa.

Hapa ndipo nilipokumbuka nazi. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa hapa pwani kwa vizazi vingi, anazungumzia kitu ambacho ubaya wake wa ndani haujulikani mpaka kivunjwe, na katika mifano yake yumo yai na imo nazi. Mnunuzi akiivunja nazi akaikuta imeoza, anayo haki ya kuirudisha, wala halipi chochote kwa kule kuivunja, kwa kauli yenye nguvu zaidi, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kujua. Nikawaambia, beringi hii ni nazi. Ikikutwa mbovu, hasara ya kuikata ni ya muuzaji. Ikikutwa nzima, ni ya aliyedai. Wote wakacheka, hata mwenye duka. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wakicheka tangu jambo lile lianze.

Ikakatwa. Njia ya gololi ilikuwa imechakaa na kubadilika rangi kuwa ya kahawia, dalili ya joto la kazi ya muda mrefu. Beringi ambayo haijawahi kutoka kwenye boksi haichakai.

Mwenye duka aliapa wallahi hakujua. Mimi binafsi namuamini. Yeye hununua kwa katoni kutoka kwa matajiri wanaoagiza nje, na hafungui boksi moja moja. Lakini kutojua hakufuti haki ya mnunuzi. Ukutani kwake pana kile kibandiko tunachokijua sote, kuwa mali ikishauzwa hairudishwi, na alikuwa akitegemea hicho. Katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kwamba Abdullah bin Umar (r.a.) alimuuza mtumwa kwa dirham 800 kwa sharti la kutodaiwa kasoro. Mnunuzi akarudi akasema ana maradhi ambayo hukunitajia. Wakapelekana kwa Uthman bin Affan (r.a.), naye akamtaka Ibn Umar aape kwamba alipomuuza hakuwa akijua ugonjwa wowote. Ibn Umar akakataa kuapa, akampokea mtumwa wake. Akapona, kisha akamuuza kwa dirham 1,500. Tazama hapo, sharti lilikuwapo na khalifa hakulifanya kuwa ngao. Na Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyomo ndani ya Sahih Muslim, alipoingiza mkono katika rundo la chakula sokoni na vidole vyake vikakutana na unyevu, muuzaji alisema mvua ndiyo iliyonyesha. Hakuulizwa kwa nini mvua imenyesha. Aliulizwa kwa nini hakukiweka kilicholowa juu watu wakione.

Hata sheria za nchi haziko mbali na hapo. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kwa kazi yake, na Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inaruhusu mahakama kupokea maoni ya mtaalamu. Shirika la Viwango, TBS, lipo tangu miaka ya 1970 na lina maabara. Lakini ni Waislamu wangapi wenye maduka wamewahi kulifikiria kabla ya kufikiria kesi au Halbadiri?

Nani alipwe nini

Wazee walikaa tena usiku wa Jumatatu. Nitaeleza walivyogawa, kwa sababu naona wengi wetu tunadhani aliye na haki katika jambo moja ana haki katika yote.

Zile tatu zilizopigwa nyundo ni hasara ya mwenye mashine. Wanachuoni wetu wanatofautisha kasoro iliyokuwapo kabla ya kukabidhiwa na iliyotokea mkononi mwa mnunuzi. Wakikhitalifiana, muuzaji ndiye anayesadikiwa kwa kiapo chake, ila pale ambapo kasoro yenyewe inasema ni ya lini. Wanatoa mfano wa kidole cha ziada, ambacho hakiwezi kuota baada ya mauziano, hapo mnunuzi husadikiwa bila kuapa. Na jeraha bichi katika kitu kilichouzwa mwaka uliopita, hapo muuzaji husadikiwa bila kuapa. Vibonyeo vya nyundo vilikuwa jeraha bichi. Mchakao ndani ya boksi ulikuwa kidole cha ziada.

Kwa hiyo zile mbili za kuukuu zikarudishwa, pamoja na ile iliyokatwa, kwa bei kamili. Zile mbili zilizofungwa kwenye mashine ya pili hazikuguswa. Mwenye mashine alidai nazo ziangaliwe kwa kuwa huenda ni kuukuu. Lakini alizifunga baada ya kwisha kumtuhumu mwenzake, na katika madhehebu yetu anayejua au kudai kasoro kisha akaendelea kukitumia kitu amejivunjia haki ya kukirudisha. Hakufurahi. Nami nilimuonea huruma, ila huwezi kusema kitu ni sumu huku unakila.

Ikabaki ile moja iliyooshwa. Mtaalamu amesema hajui, ushahidi umepotea, na aliyeupoteza ni fundi wa mdai. Hapo sasa, baada ya njia nyingine zote kwisha, ndipo mahali pa kiapo. Imamu akamwambia mwenye duka kuwa akiapa kwamba aliiuza hali ni nzima kwa kadiri ya ujuzi wake, hadaiwi. Akaomba apewe usiku mmoja. Kesho yake baada ya Alfajiri alikuja akasema, "Sheikh, kama mbili zilikuwa kuukuu na mimi sikujua, nitaapaje juu ya ya tatu? Ikateni kwenye deni."

Beringi tatu kwa shilingi 30,000 ni shilingi 90,000. Deni la 210,000 likawa 120,000. Ujira wa mzee waligawana nusu kwa nusu.

Kuhusu ujira huo kuna jambo sikulisema mbele ya watu. Ile Jumamosi, wakati tunasubiri maboksi yaletwe, mwenye mashine alimvuta mzee pembeni akataka kumtilia noti mfukoni, "ya maji tu." Mzee akairudisha, akasema, "Ukinipa wewe peke yako, mwenzako atasema nimeona ulichotaka nione." Sijui kama amewahi kumsikia Abdullah bin Rawaha (r.a.). Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtuma Khaybar kukadiria mazao ya mitende ili yagawanywe, na kazi hiyo ni kazi ya mtaalamu hasa, kutazama matunda yakiwa bado mtini na kusema yatatoa kiasi gani. Watu wa Khaybar wakakusanya mapambo ya wake zao wampe apunguze. Akawaambia kwamba yeye hawapendi, na hata hivyo kutowapenda hakutamfanya awadhulumu, na kwamba walichomletea ni rushwa, ni haramu, hawaili. Wao wenyewe wakakiri kwamba kwa uadilifu wa namna hiyo ndiyo mbingu na ardhi zimesimama. Nikiwasomesha vijana wangu kisa hiki sasa huwa namtaja na yule mzee.

Mwenye mashine alilipa shilingi 60,000 mwisho wa mwezi na nyingine wiki mbili baada ya ahadi. Wanasalimiana, ingawa mmoja amehamia safu ya pili. Fundi nimemuona karakana kwa yule mzee mara mbili, akijifunza kutumia presi. Aliniambia nyundo alirithi kwa mjomba wake na hakuna aliyewahi kumwambia ni kosa.

Wiki iliyopita nilipita dukani Kariakoo. Ile beringi iliyokatwa imetundikwa kwenye msumari karibu na kile kibandiko, na kibandiko hakijabanduliwa. Ile nzima, mwenzake wa iliyokatwa, sikuiona. Nilipouliza akasema ameirudisha kwa tajiri aliyemuuzia katoni, akabadilishiwa. Nilimsimulia mzee. Akanyamaza kidogo, akasema ingekuwa yeye, angeikata nayo.